Nilimwambia Ni Umri Tu

Sehemu ya sita

Wiki iliyopita mliniacha pabaya, nimeegemea mlango wa chumba changu cha kazi. Nawaambieni mapema, leo ni pabaya zaidi.

Kwa wewe unayeingia leo, nitasimulia kwa kifupi usipotee. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na minane. Kazi yangu ni kusafisha na kukanda nyuso za watu, katika chumba kidogo nyuma ya saluni ya nywele. Wateja wananiita Mama Laini.

Miaka miwili iliyopita mwili ulinigeuka. Siku zangu zikawa zinakuja zinavyotaka, mara mbili kwa mwezi, halafu kimya miezi mitatu. Joto likawa linanipanda kutoka kifuani hadi utosini nikiwa nimeshika uso wa mtu, jasho linamdondokea mteja shavuni. Ngozi ikakauka, ikawasha, na mashavuni yakanitoka mabaka ya rangi ya kahawa. Sasa niambie wewe, nani atauacha uso wake mikononi mwa mwanamke mwenye mabaka?

Ndipo nikaanza kuchanganya. Losheni ya kawaida, mafuta ya nazi kidogo, na ndani yake tyubu za dawa kali ya ngozi, ile isiyouzwa bila cheti cha daktari. Nina mtu wangu anayenitolea. Baada ya wiki mbili uso wangu ukang'aa, nikarudi kuwa mwari. Wanawake wa rika langu wakauliza siri, nami nikawapa makopo meupe yenye kifuniko cha buluu, bila karatasi wala jina. Niliyaita ya watu wazima.

Kisha maofisa wa afya wakapita mtaani. Jirani yangu walimfungia duka. Makopo yangu mimi nilikuwa nimeyazamisha ndani ya ndoo ya mataulo machafu, na mbele yao, mbele ya mwenye saluni na mbele ya mume wangu, nikala kiapo kwa uhai wa wanangu kwamba sijawahi kuchanganya chochote. Hawajamaliza hata kuvuka barabara, mlango wangu ukagongwa.

Alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Mkononi ameshika kopo lenye kifuniko cha buluu.

"Funga mlango," akasema.

Nikafunga.

Huyu wifi yangu kazini kwake wanamwita Kamanda. Ni msimamizi wa karakana ya kushona sare, ana mafundi cherehani kumi na wawili chini yake, wote wanawake waliovuka arobaini na tano. Wana feni moja tu, ya kusimama, shingo ndefu. Wakajiwekea sheria: ukipandwa na joto, unagonga mkasi mezani mara mbili, na feni inageuziwa kwako hata kama mwenzako alikuwa anajipepea kwapa. Wenyewe wanakiita Chama cha Feni. Kamanda ndiye mwenyekiti.

Miaka ishirini na mitatu ya ndoa yangu, mwanamke huyo hajawahi kusifu hata chai yangu. Nilipoona lile kopo nikajua nimekwisha. Anatoka hapa moja kwa moja hadi kwa kaka yake, na kile kiapo kitanitokea puani.

"Wifi, nisikilize kwanza..."

"Nisikilize wewe. Limeisha."

"Nini?"

"Kopo. Nataka lingine, na safari hii unipe kubwa."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye kiti cha wateja.

"Nilidhani umekuja kunisuta."

"Nikusute kwa lipi? Hiki ndicho kitu pekee cha maana ulichonipa tangu uolewe kwetu."

Ndivyo alivyo. Akikusifu, lazima akuchome kidogo.

Nikamtazama usoni kwa jicho la kazi. Ngozi yake ilikuwa kavu pembeni mwa mdomo, mabaka yake yapo pale pale. Mtu aliyemaliza kopo langu hafanani hivyo.

"Mbona usoni hupaki?"

"Nani kakwambia napaka usoni?"

"Unapaka wapi?"

Kamanda, ambaye akikohoa karakana nzima inanyamaza, akatazama pazia kwanza. Halafu akashusha sauti. "Si nilikuambia kwenye simu? Ule muwasho. Wa huku." Akajigusa kifuani, upande wa kushoto.

Nikakumbuka. Ilikuwa miezi minane nyuma. Nilikuwa na mteja kitini, uso umepakwa udongo, simu nimeibana kwa bega. Wifi akaniambia ngozi inamwasha kifuani, inakauka, inachubuka. Nami nikamjibu kama ninavyowajibu wote: "Ni umri tu, wifi. Sote tunakauka. Nitakutumia kitu, paka asubuhi na jioni."

Sikumuuliza kifuani wapi, wala sikumwambia aje nione. Kopo alilipeleka mume wangu mwenyewe, ndani ya mfuko wa karatasi uliofungwa, akidhani ni vitambaa.

"Nikipaka kinatulia," Kamanda akaendelea. "Nikiacha siku nne kinarudi. Mwezi huu kinarudi hata nikipaka."

"Nionyeshe."

"Wewe! Una wazimu?"

"Wifi, mimi kutwa nashika ngozi za watu. Nionyeshe."

Akanigeuzia mgongo, akafungua vifungo kimoja kimoja. Aliposimama tena mbele yangu, macho yake yalikuwa kwenye kalenda ya ukutani.

Ziwa la kulia lilikuwa kama la mwanamke yeyote wa miaka hamsini na moja aliyenyonyesha wanne. La kushoto, chuchu ilikuwa imezama ndani. Ngozi ya duara lake lote ilikuwa nyekundu, imelowa, na pembeni ina magamba kama kidonda kinachokataa kufunga. Nimeona ngozi kavu maelfu. Ile haikuwa ngozi kavu.

"Hii chuchu imeingia ndani lini?"

"Sijui. Miezi mitatu, minne. Si ni umri? Kila kitu si kinashuka?"

"Hakishuki kimoja, wifi."

Joto likanipanda kutoka kifuani hadi utosini. Nikajua mara hii halikuwa la mwezini wala la uzee. Niliogopa.

"Funga vifungo. Tunakwenda kwa daktari sasa hivi."

"Nipe kopo kwanza."

"Sikupi."

"Basi siendi. Nirudi kazini nikajikune mbele ya mafundi wangu?"

Namjua. Akisema haendi, haendi. Nikainama kwenye ndoo ya mataulo, nikatoa kopo kubwa, nikalifuta maji, nikampa. Ndiyo, nilimpa. Nimeona nilichokiona, na bado nikampa.

* * *

Kliniki ilikuwa na watu wengi. Tulikaa kwenye benchi la chuma, tumeshika karatasi ya namba. Mbele yetu walikuwepo tisa. Kila mlango ulipofunguka, Kamanda alibana mkoba wake kifuani.

Na hapo, kwenye lile benchi, ndipo nilipofanya jambo ambalo limenifanya niandike haya.

"Wifi," nikamnong'oneza. "Ukiingia humo, usitaje kopo."

"Kwa nini?"

"Maofisa walikuja leo. Nimekula kiapo mbele ya kaka yako kwamba sichanganyi."

Akanigeukia mwili mzima. "Umechanganya nini humo ndani?"

"Vitu vya kawaida."

"Vitu vya kawaida watu wanaviapia?"

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa mbele yetu akainua macho, nikangoja ayashushe.

"Akikuuliza umeanza lini, sema wiki tatu," nikasema. "Ukisema miezi minane, atataka kujua muda wote huo ulikuwa unapaka nini. Watanifungia. Wanaweza hata kunipeleka ndani. Wifi, nakuomba."

Sikufikiria zaidi ya hapo. Naapa, na najua kiapo changu sasa hakina bei. Niliifikiria kazi yangu, nikaufikiria uso wa mume wangu akisikia. Daktari angefanya nini na hizo wiki tatu, hilo halikunipitia kabisa kichwani.

Nilitegemea Kamanda anifokee mbele ya watu, na haki alikuwa nayo.

"Miaka ishirini na mitatu," akasema, "hujawahi kuniomba kitu. Unajua hilo? Hata chumvi. Unapungukiwa na chumvi, unavuka nyumba yangu, unakwenda kuomba kwa jirani."

"Nilikuogopa."

"Haya. Umeomba." Akajiweka sawa kwenye benchi. "Wiki tatu."

Daktari alikuwa mwanamke, kijana kuliko sisi wote wawili, nywele fupi, miwani. Alipasha viganja moto kwa kuvisugua kabla hajamgusa wifi yangu, nikampenda kwa hilo.

"Ilianza lini, mama?"

"Kama wiki tatu hivi."

"Umepaka chochote?"

"Mafuta ya mgando tu."

"Na chuchu kuingia ndani?"

"Hiyo ni ya zamani, tangu nilipomwachisha ziwa mtoto wa mwisho."

Lile la mwisho sikumfundisha mimi. Kamanda akiamua kukusitiri, anakusitiri mpaka kisiginoni.

Daktari akambonyeza taratibu ziwa lote, akapanda hadi kwapani. Akasema hasikii uvimbe. Halafu akanigeukia mimi niliyesimama pembeni nimeshika mkoba wa wifi.

"Wewe ni nani wake?"

"Wifi yake."

"Na wewe unavyojua ni hivyo hivyo? Wiki tatu?"

Wasomaji wangu, mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilihitaji neno moja tu.

"Ndiyo, daktari," nikasema.

Akaandika. Akatuambia kwamba ingekuwa ni kitu cha miezi, angekata kipande kidogo cha nyama siku ile ile na kukipeleka maabara. Kwa wiki tatu, na kwa umri ambao ngozi huwa kavu, inaweza kuwa pumu ya ngozi. Akamwandikia dawa ya kupaka na tarehe ya kurudi, wiki sita mbele. Akamwelekeza aoge maji ya uvuguvugu, atumie sabuni isiyo na manukato, ajipake mafuta mwili ukiwa bado una unyevunyevu, avae pamba mwilini. Mambo mepesi, ya kila mtu. Mambo ambayo mimi ningeweza kuwaambia wateja wangu bure tangu siku ya kwanza.

Tulipokuwa tunatoka akaongeza, kama anayejisemea: "Lakini umri unakausha mwili mzima, mama. Haukai upande mmoja. Ukiona halitulii, usingoje wiki sita."

Nje Kamanda akavuta pumzi mpaka mabega yakashuka.

"Si unaona? Pumu tu! Umenitoa roho bure."

Na mimi nikafurahi. Nataka mjue hilo pia. Nilifurahi kwa siku nzima.

* * *

Furaha ilikwisha jioni ya siku ya pili, mezani kwangu.

"Dada alinipigia leo," mume wangu akasema, huku anamega chakula. "Amekusifu."

"Amenisifu mimi?"

"Nilidhani amekosea namba. Anasema ulimpeleka hospitali mkono kwa mkono kama ndugu wa tumbo moja. Anasema hakujua kama una moyo huo." Akatabasamu. "Nimefurahi, mama watoto. Nilishakata tamaa na nyinyi wawili."

Nikarudisha tonge sahanini. Nikainuka nikaenda kunawa uso, na maji yakanichoma.

Maana na mimi nilikuwa nalipa. Tangu siku ya maofisa nilikuwa nimeacha kupaka, kwa woga tu, na uso wangu ulikuwa umewaka. Ulikuwa mwekundu, umevimba chini ya macho, ngozi imekuwa nyembamba hata taulo laini linaikwaruza. Wateja wawili nilishawaambia nina mzio wa samaki. Nikajitazama kwenye kioo cha bafuni na nikaelewa kitu ambacho mwanafunzi wa darasa la kwanza angekielewa. Ile dawa haikuwa imeponya chochote usoni kwangu. Ilikuwa imefunika. Na kama usoni kwangu ilifunika mabaka, kwa wifi ilikuwa imefunika nini kwa miezi minane?

Asubuhi yake sikufungua chumba. Nikaweka kopo kwenye mkoba, nikarudi kliniki.

Nilingoja hadi mgonjwa wa mwisho kabla ya saa sita. Daktari alinikumbuka.

"Wifi yake," akasema. "Vipi, amezidiwa?"

Nikaweka kopo mezani.

"Si wiki tatu. Ni miezi minane. Na si mafuta ya mgando, ni hii. Chuchu nayo si ya zamani. Ilikuwa sawa, ikaingia mwaka huu."

Akafungua kifuniko, akanusa.

"Kuna nini humu?"

Nikamtajia vyote. Nilipofika kwenye jina la ile dawa, akavua miwani akaiweka chini.

"Nani kachanganya?"

"Mimi."

"Na wewe ulisimama pale ukaniambia wiki tatu."

"Ndiyo."

Nilitaka anitukane. Ingenisaidia. Badala yake akaongea polepole, kama unavyoongea na mtu uliyemkuta kwenye ajali.

"Hii dawa inazima moto wa juu, mama. Wekundu unapungua, muwasho unatulia, mtu anaona amepona. Kilicho chini haishughuliki nacho. Juzi mimi nilitazama ngozi iliyopakwa rangi."

"Ana nini?"

"Sijui. Ndiyo maana kuna maabara."

"Lakini unaogopa nini?"

"Saratani. Kuna ya namna hiyo, inaanza kwenye chuchu, inafanana na ukurutu. Huenda siyo. Lakini kama ndiyo, amekuwa nayo miezi minane na sisi tumempa wiki sita nyingine."

Alisema sisi. Alijihesabu humo, na yeye alikuwa amedanganywa.

"Namtaka hapa kesho saa mbili asubuhi. Asipake hata tone. Nipe namba yake nimpigie."

"Niachie mimi, daktari. Uongo nilimfundisha mimi."

"Una hadi kesho saa mbili. Saa mbili na dakika moja napiga mimi." Akachukua kalamu. "Wako wangapi?"

"Makopo?"

"Watu."

Wateja wangu wanachukua kwa ajili ya dada zao, dada zao wanawapa majirani. Makopo hayana jina na mimi sikuwahi kuandika la mtu yeyote.

* * *

Karakana ya wifi iko ghorofa ya pili, juu ya duka la mabati. Siku zote unaisikia kabla hujaiona, cherehani kumi na mbili zikikimbia pamoja. Mchana ule nilipanda ngazi cherehani zikiwa kimya. Nikadhani wamefunga. Nilipofika mlangoni nikakuta ni mapumziko, na wote wamezunguka meza ya kukatia vitambaa, wanacheka.

"Huyu hapa!" Kamanda akapaza sauti. "Mama Laini mwenyewe! Nilikuwa nawaambia habari zako, na umekuja kwa miguu yako!"

Wakanipigia makofi. Mmoja akanivutia kiti. Vumbi la vitambaa lilikuwa hewani, vipande vya nyuzi vimewaganda magaunini. Kitambaa cha buluu cha sare kilikuwa kimekunjwa pembeni kupisha nafasi mezani.

Katikati ya meza lilikuwapo kopo langu kubwa, liko wazi. Limebaki robo.

Kulizunguka vilipangwa vikopo vya bati vya kuwekea vifungo. Vilikuwa kumi na viwili. Vifungo vilikuwa vimemwagwa kwenye sinia, na ndani ya kila kikopo, weupe na laini, kulikuwa na mchanganyiko wangu.

"Nimewagawia," Kamanda akasema, kijiko mkononi, uso umefunguka kwa furaha ambayo sijawahi kuiona kwake. "Siku zote nilikuwa najifichia peke yangu. Lakini daktari si kasema kwangu ni pumu tu? Nikasema basi, uchoyo wa nini. Hawa nao wanawashwa, wanakauka, wanapasuka visigino. Wapake na wao."

"Wifi, njoo nje kidogo."

"Nje kuna nini? Sema hapa hapa, hawa ni ndugu zangu."

"Tafadhali."

"Tumetumia tangu asubuhi," akasema fundi mmoja mnene, ananionyesha mkono unaong'aa. "Tazama! Mume wangu leo hatanijua."

Wakacheka tena. Mimi jasho likaanza kunitoka, kwanza shingoni, halafu mgongoni, halafu likawa linanidondoka kidevuni. Uso uliowaka ukazidi kuwaka. Nikashika ukingo wa meza.

Mtu akagonga mkasi mezani. Mara mbili.

"Feni! Feni kwa wifi!"

Ile shingo ndefu ikageuzwa kwangu. Upepo ukanipiga usoni, nikahisi kama ngozi inachunwa. Wakashangilia. Karibu chamani, mama, wakasema. Umri huo, hauna mkubwa. Kaa utulie, kitapita.

Nilikaa. Nilikuja kumwambia mtu mmoja, na sasa walikuwepo kumi na watatu.

Hapo mama mmoja akasogea karibu yangu. Ndiye mkubwa wao kwa umri, mwembamba, anayeshona matundu ya vifungo, na kutwa haongei. Alikuwa ameshika kikopo chake kwa mikono miwili. Akainama sikioni kwangu.

"Mama Laini," akasema. "Na huku inafaa?"

Akajigusa kifuani, upande wa kulia.

"Kinaniwasha upande huu tu," akasema. "Tangu mwaka jana. Niliona haya kusema. Kamanda kaniambia kwake kilikuwa vile vile, na hii ndiyo imemponya."

Nikamshika mkono. Kidole chake kilikuwa kimeshaingia kwenye kikopo. Nikakitoa, nikakifuta kwa kitenge changu, nikakisugua mpaka akanishangaa. Mafundi wengine wakaacha kucheka, mmoja baada ya mwingine.

Nilipoinua macho, Kamanda alikuwa ananitazama. Hakuwa tena na ile furaha. Alitazama uso wangu uliovimba, akatazama mkoba wangu, akaona kipande cha karatasi ya kliniki kimechungulia nje, na tarehe ya leo juu yake.

"Umetoka kwa daktari," akasema.

Feni ilikuwa inazunguka.

Akaweka kijiko chini, akazunguka meza, akaja akapiga magoti mbele ya kiti changu, yeye Kamanda, mbele ya mafundi wake. Akanishika mikono yote miwili. Kwa miaka ishirini na mitatu hajawahi kunishika mkono, na viganja vyake vilikuwa laini, vimelainishwa na kazi yangu.

"Wifi," akasema, "mbona unalia? Sema tu. Si ni umri?"